Popo wa Mashimo ya Zamani na Ugonjwa wa Marburg

Kila asubuhi kabla ya kushuka, kapita anakukumbusha: vaa kaske, tazama taa yako, gonga paa la shimo usikie kama mwamba umeshikana. Hizo ni hatari ambazo mchimbaji anazijua tangu siku ya kwanza ya kazi. Leo ukurasa wetu unataka kukueleza hatari nyingine ya chini ya ardhi. Haina sauti, haina harufu, na kaske haiizuii. Ni ugonjwa wa Marburg. Soma polepole, kisha uwasomee watu wa nyumbani, kwani nao inawahusu.

YALIYOTOKEA DURBA

Durba ni mji wa wachimba dhahabu katika eneo la Watsa, kaskazini-mashariki ya nchi yetu, upande wa Kilo-Moto. Huko kulikuwa na shimo linaloitwa Gorumbwa. Watu wengi, zaidi vijana, walishuka humo kuchimba dhahabu kwa mikono, bila vyombo vya kujilinda.

Mwishoni mwa mwaka 1998 vijana hao walianza kufa. Mtu alishuka shimoni akiwa mzima. Baada ya siku chache alishikwa na homa kali, akatapika, akahara, kisha damu ikamtoka. Wakazi wa Durba hawakushangaa sana, maana ugonjwa huo wa kutoka damu walikuwa wameshaupa jina la mji wao. Uchunguzi ulionyesha baadaye ya kwamba ulikuwa umeonekana huko angalau tangu mwaka 1987. Mwezi wa 4 wa mwaka 1999 daktari mkuu wa Watsa, aliyekuwa akiwatunza wagonjwa, naye alikufa. Mwezi uliofuata vipimo vya damu vikatoa jina la kweli: Marburg.

Ugonjwa haukukoma mpaka mwezi wa 9 wa mwaka 2000. Hesabu yake ni hii: wagonjwa 154, waliokufa 128. Yaani katika kila watu 6 walioshikwa, 5 walizikwa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wote walikuwa vijana wachimbaji.

WAGANGA WALIULIZA: UMETOKA WAPI?

Ugonjwa unaoua watu wengi namna hii, sisi sote tunafikiri jambo moja: mtu mmoja ameuleta, akamwambukiza mwenzake, na mwenzake akamwambukiza mwingine. Waganga waliotumwa Durba walitaka kujua kama ni hivyo kweli. Wakauliza juu ya kila mgonjwa: je, kabla ya kuugua alikuwa amekaa karibu na mgonjwa mwingine?

Kwa wagonjwa wasio wachimbaji, wengi walijibu ndiyo: 67 kwa mia. Walikuwa wamemtunza ndugu au wamemgusa mtu aliyeugua. Lakini kwa wachimbaji, ni 27 tu kwa mia waliosema hivyo. Wengine wote hawakuwa wamemkaribia mgonjwa yeyote. Walikuwa wameshuka shimoni, basi.

Kisha virusi vyenyewe vilichunguzwa. Ujue ya kwamba virusi vikipita kutoka mtu mpaka mtu, vinabaki vya ukoo mmoja, kama watoto wa baba mmoja wanavyofanana. Kama ugonjwa ungekuwa umeingia Durba mara moja tu, virusi vya wagonjwa wote vingekuwa vya ukoo mmoja. Lakini zilionekana koo 9 mbalimbali, tena angalau 9. Maana yake ni wazi: ugonjwa haukuingia mara moja. Uliingia tena na tena, kila mara kwa mlango uleule, na mlango huo ulikuwa shimo.

Na ulikoma namna gani? Maji yalijaa Gorumbwa. Hakuna aliyeweza kushuka tena. Ndipo ugonjwa ukaisha.

MNYAMA ANAYEUTUNZA

Jina la Marburg ni la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967, katika miji ya Marburg na Frankfurt, na katika Belgrade katika nchi iliyoitwa Yugoslavia, watu 31 waliugua na 7 walikufa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa maabara waliopasua nyani wadogo walioletwa kutoka Uganda. Kwa hiyo miaka mingi watu walimshtaki nyani.

Lakini fikiri kidogo. Nyani huyo akishikwa na virusi vya Marburg, yeye pia anakufa, tena upesi. Mnyama anayekufa kwa siku chache hawezi kutunza virusi kwa miaka na miaka. Atakayevitunza ni yule anayeishi navyo bila kuugua. Nyani aliambukizwa kama mtu anavyoambukizwa. Mwenye virusi alikuwa mwingine.

Katika shimo la Gorumbwa wataalamu walitega panya, popo na wadudu, wakawapima. Alama za virusi zilionekana kwa popo. Mwaka 2007 wachimbaji 4 waliugua katika shimo la Kitaka, magharibi ya Uganda, mahali panapochimbwa risasi na dhahabu, na mmoja wao alikufa. Mara hii wataalamu walitoa virusi vilivyo hai kutoka mwilini mwa popo wenyewe. Tangu siku hiyo hakuna shaka tena.

Popo anayehusika ni yule mkubwa anayekula matunda na kulala mapangoni, ambaye wataalamu wanamwita popo wa Misri. Rangi yake ni kahawia, macho yake ni makubwa, na uso wake unafanana na wa mbwa. Popo wengi wa matunda wanalala juu ya miti. Huyu anapenda giza, na anajua njia gizani kwa kugonga ulimi wake na kusikiliza sauti inavyorudi. Kwa hiyo pango la mlima na shimo lililochimbwa na watu, kwake ni nyumba ileile. Anaishi sehemu nyingi za Afrika, kutoka Misri mpaka Afrika ya Kusini. Na usiseme Durba ni mbali: mwaka 2018 virusi vya Marburg vilionekana kwa popo hao katika Zambia, jirani wetu wa kusini.

KWA NINI VIRUSI HAVIISHI

Hapa ndipo penye swali kubwa. Watu wa Durba wamepona au wamezikwa, miaka imepita, hakuna mgonjwa hata mmoja. Virusi viko wapi? Viko palepale, na tutaeleza namna vinavyodumu.

Popo akishikwa na virusi vya Marburg haugui. Anaruka, anakula, anazaa kama kawaida. Kwa muda wa wiki chache virusi viko mwilini mwake, katika damu, mate na mkojo. Kisha mwili wake unavishinda, na baadaye amekingwa. Ukitazama popo mmoja tu, utasema: basi, virusi vimeisha.

Lakini popo hawaishi mmoja mmoja. Katika shimo la Kitaka walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Wamening'inia wakigusana, wanalambana, wanaumana, mkojo wa huyu unamwangukia yule. Na mara mbili kwa mwaka wanazaa. Mtoto wa popo anakingwa kwanza na kinga aliyoipata kwa mama yake. Kinga hiyo inapungua pole pole, na anapofikia umri wa karibu nusu mwaka haiko tena. Hapo anashikwa na virusi kutoka kwa wenzake.

Mama anayepika anafahamu jambo hili kuliko mtaalamu. Moto wa mbabula hauzimiki mradi unaongezewa makala. Makala ya zamani yanakuwa majivu, lakini mapya yanashika moto kutoka kwa yale yanayowaka bado. Popo waliokingwa ni kama majivu. Watoto wanaozaliwa kila mwaka ni makala mapya. Hivyo moto unaendelea, hata kama sisi hatuuoni.

Katika Kitaka, kati ya popo 100 waliopimwa, karibu 5 walikuwa na virusi. Fanya hesabu kwa popo 100,000: ni popo 5,000 wenye virusi shimoni kwa wakati mmoja. Tena popo wanatembeleana. Katika Uganda ilihakikishwa ya kwamba wanasafiri kati ya pango moja na lingine, mwendo wa kilometa 50. Pango moja likipoa, lingine linaliwasha.

Wataalamu waliona pia ya kwamba katika Uganda virusi vinaongezeka mara mbili kwa mwaka, wakati watoto wa popo wanapofikia umri ule wa nusu mwaka: tangu katikati ya mwezi wa 6 mpaka katikati ya mwezi wa 9, na tangu katikati ya mwezi wa 12 mpaka katikati ya mwezi wa 3. Na watu walioshikwa na ugonjwa kutoka kwa popo, wengi walishikwa katika miezi hiyo.

JE, TUWAUE POPO?

Msomaji mmoja atasema: kazi ni rahisi, tuwachome moto wote. Usifanye hivyo. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa, na matokeo yake yanajulikana.

Katika shimo la Kitaka, mwaka 2008, watu waliwaua popo kwa maelfu na kuziba milango ya shimo. Ilionekana kama kazi imekwisha. Lakini baada ya muda popo wengine walirudi kukaa humo. Mwaka 2012 ugonjwa wa Marburg ulitokea katika wilaya ya Ibanda, karibu na hapo. Watu 15 waliugua, 4 wakafa. Wataalamu wakashuka tena Kitaka. Popo walikuwa wachache sana kuliko zamani, hawakufika hata 5 kwa kila 100 ya wale wa kwanza. Lakini walipopimwa, zaidi ya 13 kwa mia walikuwa na virusi. Kabla ya kuuawa walikuwa 5 kwa mia.

Kwa sababu gani? Ukiua popo wa shimo, unaondoa wale waliokingwa pamoja na wale wenye virusi. Umetupa majivu nje, ukaacha nafasi kwa makala mapya. Popo wageni wanakuja kutoka mapango mengine, wengi wao hawajakingwa, na moto unawaka kuliko mbele. Zaidi ya hayo, anayewaua popo anawashika kwa mikono, damu na mkojo vinamrukia, naye ndiye anayejipeleka katika hatari.

Tena popo ana kazi yake. Anapanda mbegu za miti ya msituni na kubeba unga wa maua. Mwache katika giza lake. Anayepaswa kuzuiwa asiingie ni mtu. Kazi hiyo inafanywa kwa lango la vyuma lenye nafasi za popo kupita, wala si kwa moto na sumu.

KUTOKA SHIMONI MPAKA NYUMBANI

Katika njia nyembamba za shimo la zamani, mchimbaji anapita akiinama chini ya popo maelfu. Mkojo unamdondokea. Mavi ya popo yako ukutani na chini. Mikono yake ina michubuko, kama mikono ya kila mchimbaji. Anajipangusa jasho machoni, anakula mkate bila kunawa. Hivyo virusi vinapata mlango wa kuingia.

Akiisha kuugua, yeye sasa ndiye hatari kwa wengine. Ugonjwa haupiti hewani kama mafua. Unapita katika damu, matapishi, kuhara, mate na jasho la mgonjwa, na katika nguo na mikeka iliyochafuliwa. Kwa hiyo wanaoshikwa baada yake ni wale wanaompenda na kumtunza: mke, mama, dada, muuguzi. Na maiti ya mtu huyo ina virusi vingi kuliko alipokuwa hai.

Rwanda iliona hivyo mwaka 2024. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana alikuwa mchimbaji aliyefanya kazi katika pango la popo hao. Kutoka kwake ugonjwa uliingia hospitalini. Watu 66 waliugua, wengi wao waganga na wauguzi. Lakini tazama jambo jema pia: kati ya hao 66 walikufa 15. Durba walikufa 5 katika kila 6. Rwanda walikufa chini ya mmoja katika kila 4, kwani wagonjwa walijulikana mapema, wakapewa maji ya mshipani, dawa zilizokuwa zikijaribiwa, na matunzo mema. Mpaka mwaka 2025 hapakuwa bado na chanjo wala dawa ya Marburg iliyokubaliwa kwa watu wote. Lakini mgonjwa anayefika mapema ana nafasi kubwa ya kuishi.

DALILI

Tangu siku mtu alipoambukizwa mpaka kuanza kuugua zinapita siku 2 mpaka 21. Ugonjwa unaanza ghafula: homa kali, kichwa kinauma sana, mwili wote unauma, nguvu zinaisha. Siku ya tatu hivi kunaanza kuhara maji, tumbo kuuma, kutapika. Kwa wengi damu inatoka katika siku ya 5 mpaka ya 7, puani, katika fizi, katika matapishi au choo. Wanaokufa wanakufa mara nyingi siku ya 8 au ya 9.

Umeona ya kwamba siku za kwanza unafanana na malaria. Hapo ndipo watu wanapopotea. Wanakunywa dawa ya malaria nyumbani, wanangoja, na wakati huo wote jamaa inawagusa. Usingoje damu.

UFANYE NINI?

1. Usiingie katika shimo lililoachwa wala pango lenye popo. Hata kama hakuna mtu aliyeugua huko miaka mingi, tumekwisha kukueleza kwa nini hiyo si hakikisho.

2. Ukiona popo wengi mahali pa kazi, mwambie kapita wako na watu wa usalama. Usiwafukuze wewe mwenyewe, usiwaguse, wala wazima wala wafu.

3. Kama kazi inakulazimisha kupita mahali palipo na popo, vaa ganti, maski, kitu cha kulinda macho, na nguo za mikono mirefu. Funika vidonda vyako. Usile wala usivute tumbako humo. Ukitoka, nawa kwa maji na sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

4. Usile nyama ya popo, wala usimtume mtoto kumwokota. Mama, tunda lenye alama za meno ya popo, lile lililoanguka chini ya mti, litupe.

5. Ukipata homa katika siku 21 baada ya kushuka shimo la popo, nenda dispanseri siku ileile na useme wazi: nilikuwa katika shimo lenye popo. Neno hilo moja linamwonyesha muuguzi namna ya kukutunza na namna ya kujilinda mwenyewe.

Tunajua ya kwamba wengine wanashuka mashimo ya zamani usiku, au siku ya mapumziko, kutafuta kitu cha kuongeza juu ya mshahara. Tunajua pia ya kwamba mtu huyo akiugua anaogopa kusema, asije akafukuzwa kazi. Ndugu, ukificha, utamdanganya muuguzi, lakini virusi hutavidanganya. Na atakayelipa si wewe peke yako: ni mke wako anayefua shuka zako, ni mtoto anayelala karibu nawe. Sema ukweli. Na wewe mke, kama bwana amezidiwa hawezi kusema, sema wewe.

6. Mgonjwa anayeshukiwa asitunzwe nyumbani. Aitiwe watu wa hospitali. Wakati wa kuwangoja, mtu mmoja tu amkaribie, akiwa na ganti, na wengine wakae mbali. Kilichochafuliwa kisishikwe kwa mikono mitupu.

7. Akifa mtu kwa ugonjwa huu, maiti isioshwe na jamaa, isiguswe, isikumbatiwe. Tunajua ni jambo gumu, kwani desturi zetu zinatutaka tumuage mtu wetu kwa mikono yetu. Lakini kilio kimoja kisizae vilio vitano. Waacheni watu wa hospitali wamzike kwa heshima, ninyi mkisimama na kuomba kwa mbali.

8. Mwanamume aliyepona afuate shauri la mganga kabla ya kulala na mke wake bila kinga. Virusi vinaweza kubaki katika mbegu zake hata baada ya yeye kupata nguvu. Na aliyepona asifukuzwe wala asichekwe. Amepona, arudi kati yetu.

Ndugu mfanyakazi, shimo la zamani linaweza kukaa kimya miaka kumi, na watu wakasahau. Popo hawasahau njia ya nyumba yao, na kila mwaka wanazaa humo. Ukimwona rafiki anajitayarisha kushuka huko usiku, mpe habari za Durba, kisha mrudishe nyumbani.